Kura Yangu kwa Kuoanisha

Jumatatu, 4 Machi
Wandugu wapambanaji! (Niko peke yangu chumbani, ila kalamu yangu haijui kuanza vinginevyo.) Nimekosa kipindi cha upimaji, nilikuwa nikibandika matangazo ya kudai maji bwenini. Kidevu, ninayekaa naye chumba kimoja, ameniletea habari: sisi walimu watarajiwa tuchague wenyewe aina ya maswali ya jaribio la Alhamisi. Insha, kuchagua jibu sahihi, au kuoanisha.

Kuoanisha! Wawili wawili, benchi moja, karatasi moja! Papo hapo nikauona mkono wa Katibu wa chama chetu kando ya wangu. Mwaka wa kwanza tuliketi pamoja. Alikuwa akicheka kwa pua. Tangu ahamie safu ya mbele, dirishani, nimebaki na kisogo chake tu. Mwisho wa mwezi anakwenda kufundisha kwa vitendo, mbali. Lazima nimwambie kabla.

Jumanne, 5 Machi
Nimehutubia darasa nikiwa juu ya kiti. Nimelaani insha, ile dhuluma ya upweke! Nimelaani maswali ya kuchagua, yanayomdhalilisha binadamu abahatishe kati ya A na D! Nikauliza: mpaka lini kila mmoja atataabika bila mwenziwe? Makofi. Mweka Hazina, yule wa mashati yaliyonyooka, akanong'ona eti Mwenyekiti (ndiye mimi) leo kanywa nini. Wivu mtupu! Katibu akauliza kama safu mbili zitatosha. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba kwa wenye nia, benchi moja linatosha. Akanitazama kwa muda. Tumeshinda kura!

Alhamisi, 7 Machi
Nimenyoa. Nimeazima marashi ya Kidevu. Nikaenda moja kwa moja dirishani, nikaketi kando yake. Mhadhiri akauliza, mbele ya kadamnasi, bwana mkubwa, umehamia huku? Kila mtu na dawati lake! Nikadai haki yangu ya kuoanishwa. Mhadhiri akainua karatasi: Safu A, istilahi, Safu B, maana. Unachora mstari. Mstari! Darasa likaangua kicheko. Katibu akacheka kwa pua. Nikasahau aibu yote. Nikasahau pia kuchora mistari.

Mlangoni Katibu akaniuliza, kaka, kwani ulitaka kuoanishwa na nani? Nikamjibu kwamba suala hilo litawasilishwa kwenye kamati husika. Alisubiri kidogo, labda kuna la ziada. Kisha akaenda zake.

Ijumaa, 8 Machi
Kidevu anasema jaribio la mwisho, wiki ijayo, huenda likawa la kujaza nafasi. Alitaka kunieleza, nikamkatiza. Nafasi! Iko moja tu, kulia kwa Katibu, nayo imekaliwa na mkoba. Kuna la kueleza hapo?

Wandugu! Kikao cha dharura kesho, saa nne asubuhi, ukumbi mdogo. Ajenda ni moja: kujaza nafasi. Njoeni na sauti zenu!