Insha ya Bénie na Bwana Butwaa

Jumapili, 31 Agosti

Papa Aline tena. Ibada haijapoa, yeye yuko kwenye meza ya chai anawaeleza watu jinsi binti yake alivyopata chuo kikuu mwaka jana. Aliandika insha kuhusu vita. Maprofesa walilia, anasema. Aline alitoka Kongo mgongoni mwa mama yake, amelala. Vita anavijua kwa masimulizi ya baba yake, ambaye alivikimbia mapema kuliko sisi wote. Lakini maprofesa walilia, na msichana anasomea sheria.

Bénie wangu anamaliza sekondari hapa ughaibuni, Campbelltown. Anataka kusomea ukunga, na insha yake inatakiwa wiki ijayo. Nimemwambia mke wangu Chibalonza kwamba mtoto ataandika vita. Akasema mtoto alizaliwa hospitali ya hapa hapa. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwita Bénie sebuleni nikamweleza kuhusu vita. Alinisikiliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama siku zote. Alisema kitu pekee alichowahi kukimbia ni wale ndege weusi kwa weupe wanaovamia vichwa vya watu majira haya, tena akiwa juu ya baiskeli.

Basi utaandika nini? Akasema labda kuhusu hofu iliyokuwa inamshika mwaka jana, ile ya kifua kubana na pumzi kukatika. Mwalimu wa ushauri shuleni amemwambia ni mada ya hatari. Wengine wataona ujasiri, wengine watajiuliza kama ataimudu kozi ngumu. Uamuzi ni wake mwenyewe. Bado anafikiria.

Nani anaomba nafasi kwa watu asiowajua kwa kuanza na ugonjwa? Nilipoomba kazi ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ghalani, sikusema neno kuhusu mgongo wangu. Mada hii lazima ife.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeandika insha mwenyewe, nikajifanya Bénie. Kwanza kwa Kiswahili, kile kizuri nilichojifunza Kigoma nilipokuwa mkimbizi. Ina mto, ina bunduki, ina bibi anayebebwa. Niliposoma tena nikafuta machozi. Kisha nikaipa simu ikatafsiri.

Simu ina haraka sana. Nilipoandika moyo wangu ulikuwa juu juu, ikasema moyo wangu uliishi ghorofani. Nilipoandika nilipigwa na butwaa, ikaliacha butwaa kama jina la mtu, na Bénie akauliza huyu Bwana Butwaa ni nani, na kama polisi walimkamata. Chibalonza alicheka mpaka akakaa chini. Insha imekataliwa. Kwao kila kitu mchezo.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango wa pili. Nimempigia dada Kawira, Mkenya anayeishi Toongabbie, tunayesali naye. Ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, na Bénie anamheshimu. Nilimwomba aje Jumamosi ale kwetu, na katikati ya chakula, kana kwamba limemjia tu, amwonye mtoto kwamba mambo ya hofu hayaandikwi.

Akaniuliza, "Papa Bénie, hiyo hofu ilimpata wapi?"

Nikasema sijui. Akauliza kama bado inamjia. Nikasema sijui. Akauliza kama nimewahi kumuuliza. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi Bénie alikuwa bafuni. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa wazi mezani, na kisanduku cheupe kikubwa kinasema: eleza sababu zako. Chini yake kitufe cha kutuma. Nikaona mlango umefunguliwa na Mungu mwenyewe. Nikaibandika insha yangu yote, ile tafsiri ya simu, nikabonyeza. Ikajibu asante, imepokelewa.

Nimekwenda kazini nikiimba.

Jumamosi, 6 Septemba

Kawira ana zamu, hakuja. Bénie alikuwa anakwenda Auburn kutafuta kitambaa cha gauni la sherehe ya shule. Nikasema nitamsindikiza. Maswali ya Kawira yalikuwa yamenikaa kooni.

Treni iliposimama kituo cha Glenfield, Bénie aliangalia nje akasema, kwa Kiswahili kabisa, "Papa, hapa ndipo nilikuwa nashuka."

Nikauliza kufanya nini.

"Kupumua."

Mwaka jana alikuwa na masomo ya ziada mjini. Watu wakijaa ndani ya treni, kifua kinabana, anadhani anakufa. Anashuka, anakaa kwenye benchi mpaka mikono iache kutetemeka, anapanda treni nyingine. Ilimchukua miezi mingi kufika mjini bila kushuka. Sisi alituambia treni zinachelewa. Mimi nilimwita mvivu, nikamnyang'anya simu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungesema tuombe," alisema, "halafu ungemwambia Papa Aline."

Ni kweli. Nilimshika mkono mpaka Auburn, naye hakuuondoa. Tulikuwa tumeshafika kwenye duka la vitambaa nilipokumbuka nilichokifanya jana. Muuzaji aliniletea kiti.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia Chibalonza kabla ya ibada. Hakupiga kelele, alimenya ndizi tu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akasema nitamwambia mtoto mimi mwenyewe, leo.

Nilimwambia garini baada ya ibada. Bénie akabadilika rangi. Alifungua simu, akaingia kwenye ombi lake la chuo. Nilitazama kioo cha mbele nikiomba kwa lugha zote ninazozijua. Akasema hakuna kitu. Sehemu ya insha ilikuwa tupu. Hakuna kilichotumwa kwa jina lake, popote.

Niliweka kichwa kwenye usukani nikapumua kama mtu aliyetolewa majini. Bénie alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nililia tu.

Halafu Chibalonza akauliza kutoka nyuma, "Sasa, baba, ulituma wapi?"

Jumatatu, 8 Septemba

Msimamizi wetu ghalani ameniita pembeni. Macho yake mekundu. Alisema amesoma ombi langu la likizo.

Ndipo nikaelewa. Wiki iliyopita nilifungua ukurasa wa kazini ili niombe likizo ya kambi ya kanisa, nikauacha wazi kwenye kompyuta. Msimamizi alisema tumefanya kazi pamoja miaka yote hii, na hakujua huyo mtu Butwaa alinitenda nini. Likizo amekubali, na kama nataka siku zaidi niseme. Kuhusu kujiita msichana wa miaka kumi na saba, alisema hayo ni maisha yangu na hakuna mtu ghalani atakayeniuliza.

Nilimshukuru. Nikarudi kwenye foklifti yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Bénie ametuma insha yake. Ameandika hofu. Alitusomea kwanza, akisimama mara kwa mara kututafsiria. Hofu yenyewe ni kidogo. Iliyobaki ni habari za mama mmoja asiyemjua aliyekuja kukaa naye kwenye benchi bila kuuliza kitu, na jinsi anavyotaka kuwa mtu wa namna hiyo kwa mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua.

Niliuliza kama naweza kuongeza sentensi moja. Wote wawili walisema hapana.

Alhamisi, 13 Novemba

Amepata. Ukunga. Alinipigia nikiwa juu ya foklifti, nikaizima pale pale katikati ya njia. Madereva wengine walipiga honi, na mimi sikusogea. Mzigo ulioniondoka hakuna mashine ya kuubeba.

Jumapili, 16 Novemba

Leo meza ya chai ilikuwa yangu. Papa Aline alisimama nyuma na kikombe chake. Niliwaeleza kwamba mada ya hatari ndiyo siri, na kwamba niliiona tangu mwanzo.

Dada Mbula, Mkenya, alinivuta kando. Binti yake anamaliza shule mwakani, anataka kuandika kuhusu mapishi. Nikamwambia mapishi hayana hatari, labda aungue. Nikamuuliza kama mtoto hana ugonjwa wowote.

Akasema hana, yuko mzima kabisa.

Nikamwambia asivunjike moyo, mwaka bado mrefu.