Zoezi la Kompyuta Nyumbani kwa Evarista

"Wananchi, natangaza rasmi kwamba hatari imedhibitiwa."

Ndivyo alivyoanza Ndugu Crispin, Mwenyekiti wa Kamati ya Wilaya ya Kujihadhari na Kuharibika kwa Kompyuta katika Biashara za Majumbani, mbele ya ofisi ya kijiji kimoja njia ya kwenda Mgololo, mwaka wa sabini na sita. Alieleza kwamba tangu kamati yake iundwe, hakuna kompyuta hata moja iliyoharibika wilaya nzima. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alimuuliza jirani yake kama kompyuta ni ugonjwa wa kuku au wa binadamu, akaambiwa anyamaze, mkubwa anaongea.

Ni kweli kwamba wilaya haikuwa na kompyuta. Crispin alilijua hilo, na kwa maoni yake hapo ndipo ubora wa utendaji wake ulipojidhihirisha.

Lakini makao makuu hawakuridhika. Walituma simu ya maandishi kwamba kila wilaya ionyeshe biashara moja ya nyumbani ambayo kompyuta yake imeharibika na biashara ikaendelea. Mwenyekiti atakayetangulia kufaulu atahamishiwa ofisi ya kanda, Iyunga, Mbeya, kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani. Mke wa Crispin alikuwa amechoka kuchota maji mtoni, na alimweleza hivyo kila asubuhi kabla ya chai.

Biashara iliyoteuliwa ilikuwa ya Evarista, muuza ulanzi, pombe ya mianzi. Kamati ilikuwa ikifanyia vikao vyake vyote kwake, kwa sababu za kiutendaji, na Mwenyekiti alikuwa na kona yake pale, mbali na moshi.

"Kamwene, Ndugu Evarista," alisema Crispin. "Kompyuta yako iko wapi?"

"Kamwene, Ndugu Mwenyekiti. Inafananaje?"

Crispin naye hakuwahi kuiona. Akafungua mwongozo wa makao makuu akasoma kwa sauti. "Kompyuta ni chombo chochote kinachokaa mahali pamoja, kikapokea taarifa za watu, na kutoa majibu yasiyopingwa."

"Inakula?"

"Mwongozo umekaa kimya."

"Na mimi ambaye sina?"

"Usiyenayo huwezi kuharibikiwa. Usiyeharibikiwa hujajiandaa. Biashara isiyojiandaa inafungwa. Mtaalamu anakuja Jumamosi kutoka Mbeya kusimamia zoezi."

Evarista alitazama mianzi yake nyuma ya nyumba. Ilikuwa masika, na kila mwanzi uliokatwa ncha ulikuwa ukidondosha ulanzi usiku na mchana. Mianzi haingojei kibali. Ukifungiwa wiki moja tu, unamwaga. Msimu ukipita, unakaa bure mpaka masika mengine, na watoto wanakutazama. Evarista hakubishana. Aliomba tu asomewe tena kile kipande cha majibu yasiyopingwa. Crispin alimsomea mara ya pili, akifurahi kuona mwananchi anayependa kujielimisha.

Jumamosi mtaalamu akafika. Aliitwa Ndugu Lutengano, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Kilabu kilikuwa kimejaa. Crispin alikuwa kwenye kona yake, na hakuona chombo chochote kipya mle ndani. Iyunga ilikuwa ikimponyoka hivihivi anaona.

"Kompyuta iko wapi?" aliuliza Lutengano.

"Hii hapa," alisema Evarista, akimnyooshea kidole Mwenyekiti.

Yotamu, balozi wa nyumba kumi, alisimama kutoa ushahidi. "Ni kweli, Ndugu. Inakaa palepale siku zote. Tunaipelekea taarifa, inatoa majibu. Kupinga hatujawahi."

Crispin alifungua mdomo. Akawaza: nikikataa, hakuna kompyuta; bila kompyuta hakuna zoezi; bila zoezi nitamwambia nini mama watoto? Akaufunga.

Lutengano, mtu wa utaratibu, aliamua kuijaribu. "Kwa nini barabara ya hapa haijatengenezwa?"

"Suala hilo linashughulikiwa," alijibu Crispin.

"Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Lutengano akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaichora Kompyuta namba kwa chaki begani, kisha akapuliza filimbi kutangaza kwamba imeharibika. Kwa mujibu wa mwongozo, kompyuta iliyoharibika haisemi, haisogezwi, haimwagiwi kimiminika cha aina yoyote, na hufunikwa kuzuia vumbi. Evarista alileta kitenge chake kizuri akamfunika, taratibu, kwa heshima zote.

Biashara ikaendelea. Evarista aligawa ulanzi kwa mkono wake na kukumbuka kwa kichwa chake, kama alivyofanya maisha yake yote, na Lutengano alistaajabia kasi ya maandalizi yake. Watu nao, walipoona Kompyuta haijibu, wakachangamka.

"Hii ndiyo iliniambia nihame ng'ambo ya mto," alisema mmoja. "Nilipomaliza kujenga, ikaniambia nirudi."

"Mimi iliniambia mvua haijanyesha kwa sababu taarifa ya mvua haijafika," alisema Yotamu. "Nilikuwa nimelowa."

Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, nao wakaagiza. Chini ya kitenge, Crispin alisikia yote. Alikuwa na kiu kali, na alikuwa na aibu, aibu ya kweli, lakini alijituliza kwa kuwaza lile bomba la Iyunga.

Hatimaye Lutengano alipuliza filimbi ya pili akatangaza kwamba biashara imefaulu, na kwamba, kinyume na matarajio ya kitaalamu, mauzo yamepanda baada ya kompyuta kuharibika. Atalipeleka jambo hilo makao makuu liigwe na mikoa yote.

"Limebaki moja tu," alisema. "Kuitengeneza. Mwongozo unasema mwenye biashara ndiye anayeomba matengenezo, na mpaka aombe, chombo kihesabiwe kibovu na kisihamishwe. Unaomba leo, mama?"

Kitenge kilitikisika. Evarista alikitazama. Kisha akaitazama mianzi yake inayodondosha nyuma ya nyumba, na vikombe vya watu vilivyojaa.

"Tuache kwanza ulanzi uishe," alisema. "Nitaomba kiangazi."

"Hakuna anayepinga?" aliuliza Lutengano.

Kutoka chini ya kitenge kikasikika kikohozi. Yotamu aliwatoa watu wasiwasi kwamba mashine mbovu huwa zinafanya hivyo, ikipoa itanyamaza, akasogeza kikombe chake kiongezwe.