Injini ya Marehemu Hesketh

Jumatatu, 3 Novemba
Hesketh tulimzika Ijumaa. Mvua, chai ya maziwa, machozi. Leo mjane wake, Muriel, kaleta klabuni kwetu, klabu ya treni za mfano, injini ndogo ya treni aliyoiunda marehemu kwa mikono yake. Kumbukumbu nyingine haitaki. Jumamosi, kwenye maonyesho yetu ukumbini kanisani, anataka kuiona juu ya reli zetu za mezani ikitoka handakini hadi stesheni, isimame, tumkumbuke mumewe kwa kimya cha dakika mbili. Taabu ni kwamba inakwenda kama mlevi: inajongea, inakwama. Umeme wa relini haufiki vizuri kwenye mota. Clegg, mwenyekiti wetu, kajitolea kuitengeneza. Nami nimejitolea. Alipokuwa bado anakohoa, nikaitia mfukoni.

Jumanne, 4 Novemba
Clegg kapiga simu. Eti nifute magurudumu kwa kitambaa na spiriti, basi. Kitambaa! Hiyo ndiyo akili inayotuongoza. Nimemwandikia kurasa nne juu ya uvivu wa fikra katika taifa hili. Kisha nimefunga vipande vyembamba vya shaba viguse magurudumu ya behewa la makaa lililo nyuma ya injini, vivute umeme zaidi. Vimebana mno. Magurudumu hayazunguki, yanaburuzwa. Mke wangu, Glenys, kauliza kama treni za kweli nazo huburuzwa hivyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimevilegeza. Sasa havigusi kitu. Shaba ya siku hizi haina msimamo. Nimeipa kisogo, nikatia kapasita: kidude cha kuweka akiba ya umeme, kama nundu ya ngamia. Reli ikiwa chafu, injini inakula akiba. Haikuenea, nikapasua sakafu ya behewa. Hesketh angeelewa. Nimeijaribu juu ya meza ya jikoni: haikusita hata kidogo. Nilipozima umeme iliendelea hadi kwenye siagi. Nguvu iliyoje!

Jumamosi, 8 Novemba
Injini ilitoka handakini laini kama hariri. Muriel kashika kifua. Hata Clegg kaninong'oneza kwamba, haya bwana, umeweza. Ilipofika stesheni nikazima umeme. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Kimya kikaanza.

Injini ikapita stesheni.

Watu waliinua macho mmoja mmoja. Clegg alifungua kinywa, akakifunga. Katika kimya cha marehemu hakuna anayesema, ndivyo tulivyolelewa. Basi tuliitazama, sote, kwa heshima, ikivunja kizuizi cha mwisho wa reli, ikifika ukingoni mwa meza, ikidondokea sakafu ya mawe. Muda wa kimya ulikuwa bado. Tukaumaliza.

Muriel kaniambia, bila kupandisha sauti, "Desmond, sasa nimemzika mara mbili."

Kisha kamgeukia Clegg. "Niokotee, mwanangu. Huyu asiiguse tena."

Clegg kapiga magoti, kaokota vipande na kuvitia katika kopo la biskuti. Hakunitazama.

Jumapili, 9 Novemba
Simu haijalia. Glenys kapeleka keki kwa Muriel, peke yake.

Nimeagiza kapasita kubwa zaidi. Tufikiri kwa utulivu, bila machozi. Injini ililala ubavu, mgongo umevunjika, na magurudumu bado yalikuwa yanazunguka. Kila mtu aliyaona. Kwa hiyo tatizo la umeme nimelitatua. Lililobaki ni la meza kuwa fupi, na meza ni za Clegg.