Watu Kumi na Mmoja Mashuhuri wa Mabwato

Inatangazwa kwa umma wote wa Mtaa wa Mabwato, Nchelenge, yaani wakazi, wapangaji, wapita njia na hata wale waliofika kununua samaki tu, kwamba kuanzia mwezi huu mtaa wetu una watu mashuhuri kumi na mmoja. Kabla ya hapo ulikuwa na watu tu.

Tangazo hilo niliandika mimi, Zéphyrin, Katibu wa Kamati ya Watu Mashuhuri wa Zamani na wa Sasa. Mwandiko ni wangu na muhuri naushika mimi. Nilikuwa karani ng'ambo ya ziwa kabla vita havijanileta upande huu wa Zambia, na ninaweza kusema bila majivuno kwamba hakuna karatasi iliyowahi kutoka mikononi mwangu ikiwa imekunjamana.

Kamati ilizaliwa kwa sababu ya aibu. Mgeni mmoja aliyeshuka kwenye basi dogo la Mansa alimuuliza Mwenyekiti wetu, Ba Mubanga, swali jepesi: ni mtu gani mashuhuri aliyewahi kuishi hapa? Ba Mubanga alimjibu kwa swali lake la siku zote:

"Unajua mi niko nani?"

Mgeni akasema hajui. Ba Mubanga hakula siku mbili.

Swali hilo lazima nilieleze, kwa sababu ni sehemu ya utawala wetu. Ba Mubanga humuuliza kondakta kabla ya kupewa kiti cha mbele. Humuuliza muuguzi kabla ya kupimwa presha. Kisimani, akifika na ndoo yake nyuma ya akina mama thelathini, huliuliza mara moja tu, na akina mama husogea. Kumpata mtu aliyelijibu kwa ukweli lilikuwa pigo kubwa, na ndipo likaamuliwa kwamba mtaa uorodheshe watu wake wa maana, ili siku nyingine mgeni aoneshwe ubao.

Kanuni za Kamati ziko saba. Nitazitaja tatu, kwa kuwa nne zilizobaki zinahusu viti.

Kanuni ya Kwanza inasema Mwenyekiti awe mtu ambaye matendo yake yanajulikana mtaani. Kanuni ya Nne inasema nyumba yoyote ambamo mtu mashuhuri aliwahi kulala, au analala, itahamwa kabla ya jua la kesho yake kuzama, mara tu mkutano ukishamthibitisha. Haitapikwa ndani, haitatoa moshi wala haitalaliwa, ili vizazi vijavyo viikute ilivyo. Kanuni ya Saba ni ya huruma. Inasema jina la mtu litafutwa endapo wakazi watatu, mkono juu ya Biblia, watajibu "hakuna" kwa swali hili moja: Mtu huyu aliufanyia mtaa nini?

Zote alizitunga Ba Mubanga mwenyewe, alasiri moja, bila kunywa hata maji.

Orodha tuliipata kwa wiki mbili. Wa zamani ni kumi. Yumo Mama Misozi, aliyeleta friza ya kwanza na kuwafungulia watoto mlango wake wapate kuona barafu. Yumo fundi aliyeshona sare ya kwaya nzima akiwa na jicho moja. Kiboko aliyeingia sokoni mwaka wa mafuriko aliombewa nafasi na watu wengi sana, lakini hakuwa na anwani. Wa sasa ni mmoja, na nafasi yake niliiacha wazi kwa unyenyekevu, baada ya kuipima ikatoshana na jina la Ba Mubanga.

Wa zamani hao huulizwa walichofanya. Wa sasa huthibitishwa kwa makofi. Haiwezekani kumuuliza mtu aliye hai alichofanya wakati bado anaendelea kukifanya.

Shida, kama ni shida, ilitokea nyumba namba kumi na nne. Iko palepale mitumbwi inapofikia, na zamani alipanga humo Chadrack, kipa. Sasa amepanga Mama Brigitte, mwenzangu wa kutoka Congo, ambaye nyuma ya nyumba ana tanuru la kukaushia samaki kwa moshi. Samaki wanene aina ya pale wanaotoka kwenye tanuru lile hufika mpaka Kitwe wakiwa bado wananukia. Jumatatu asubuhi tulimpelekea notisi, mimi na Mwenyekiti.

Mama Brigitte aliisoma akiwa na kisu mkononi.

"Nyumba yangu iko na makosa gani?"

"Haina kosa, mama," nikasema. "Ina heshima. Chadrack alilala humu."

"Chadrack wa penalti?"

"Yeye mwenyewe."

"Alilala, lakini aliamuka! Akaenda zake Puta kuoa. Miye niko humu myaka munane. Ile tanuru niliijenga na mikono yangu, bulongo nilibeba na kichwa yangu."

"Tanuru itaenda," Ba Mubanga akasema kwa upole. "Kumbukumbu haipendi moshi."

"Na samaki?"

"Batu batakuwa banaona mahali samaki ilikuwa."

Kisha akamweleza mpango. Nyumba itakuwa Kituo cha Kumbukumbu, chenye viti vya plastiki na kivuli, na kwa kuwa kukumbuka huleta kiu, kutakuwa na vinywaji baridi chini ya usimamizi wa mke wake, Ba Eneless. Mpango ulikuwa mzuri. Hata rangi ya viti ilikuwa imeshachaguliwa.

Mama Brigitte hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Papa Zéphyrin, ile tanuru njo inalisha batoto yangu. Mukiibomoa, tuende fasi gani? Turudie ng'ambo? Weye unajua tulitoka namna gani."

Nilijisikia vibaya, nasema kweli, kwa sababu najua tulivyotoka. Yeye na mimi tulivuka katika mtumbwi mmoja. Lakini kazi ni kazi, na kwa utaratibu wetu huruma ya katibu huandikwa nyuma ya fomu. Niligeuza fomu, nikaandika: huruma, moja.

Siku tatu alizunguka mtaani akitafuta watu watatu wa Kanuni ya Saba. Alianza na Mwalimu Mwiche, mstaafu, mzee wa kanisa na mjumbe wa Kamati yetu.

"Mama, nitaapa namna gani?" Mwiche akamwambia. "Alizuia penalti tatu za timu ya Mununga. Mi nilikuwa nyuma ya goli. Nilirusha kiatu, mpaka leo sijakiona."

Kila alikokwenda ilikuwa hivyohivyo. Mwingine alikumbuka mtoto aliyezaliwa siku ya mechi ile, mwingine alikumbuka kwamba Chadrack aligawa zawadi yake ya mbuzi kwa nyumba zote za ufukweni. Mtu akishaweka mkono juu ya Biblia huko kwetu hachezi. Mwisho Mama Brigitte mwenyewe alikiri kwamba hata yeye asingeweza kuapa, maana hadithi ya mbuzi ilikuwa imemgusa.

Alhamisi alikuja ofisini kuomba nakala ya kanuni zote saba. Nilifurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Ijumaa nilimwona kando ya tanuru, anageuza samaki kwa mkono mmoja na kurasa kwa mkono mwingine, mabega yanamtikisika. Nilidhani ni moshi.

Mkutano wa kuthibitisha ulifanyika Jumamosi katika kiwanja cha kanisa. Watu walikuwa wengi, wavuvi kwa wachuuzi, na Ba Mubanga alivaa suti ya harusi ya mwanawe. Alitangaza kwamba tutaanza na walio hai, kwa heshima ya kuwa hai, halafu tushuke kwa wa zamani. Akauliza kama kuna yeyote mwenye pendekezo, huku akitazama viatu vyake.

Mama Brigitte akasimama. Mimi nilishika kalamu nikijua ni malalamiko.

"Mi minapendekeza Ba Mubanga," akasema. "Mutu mukubwa. Kama yeye si mashuhuri, sasa nani?"

Kiwanja kizima kikapiga makofi. Akina mama wa kisimani walipiga makofi kuliko wote, tena wakiwa wamesimama. Ba Mubanga alitoa kitambaa akajifuta macho, akasema hakutegemea, akasema ni kazi ya Mungu. Nilijaza jina katika nafasi niliyoiacha. Lilienea vizuri sana. Nikapiga muhuri.

Mama Brigitte alikuwa bado amesimama.

"Papa Sekretere, utusomee ile Kanuni ya Ine."

Nikaisoma. Nina sauti nzuri ya kusomea na sikuiharakisha. Nilipofika kwenye "au analala" nilianza kuelewa, lakini sentensi ikishaanza lazima imalizike.

"Nyumba gani?" Ba Eneless akauliza toka mstari wa mbele. "Mwe bantu! Nyumba gani itahamwa?"

Alihesabu mwenyewe kwa vidole waliolala nyumbani kwake na akamfikia mumewe.

"Awe! Uwaambie wewe si mashuhuri, twende tupike bwali!"

Ba Mubanga alitazama makofi yaliyokuwa yakiisha, akatazama jina lake katika kitabu, wino bado mbichi. Nilimwona mtu akipasuka katikati. Kisha akakunja kitambaa chake, akasema kanuni ni kanuni na kiongozi hutangulia. Mkutano ukavunjika palepale kwa vifijo, kabla hatujafika kwa Chadrack. Wa zamani wote wakasogezwa Jumamosi inayofuata.

Jumapili jioni kochi la Mwenyekiti lilikuwa barabarani. Ba Eneless alikwenda kwa dada yake huko Kashikishi na sufuria zote, akisema mtu mashuhuri hali chakula. Ba Mubanga alipokelewa na Mwalimu Mwiche, akalala usiku mmoja. Asubuhi nililazimika kumhamisha Mwiche. Mwalimu alilia kwa hasira, na viti vyake nilivisaidia kuvibeba mimi. Baada ya hapo habari ilitangulia mbele ya Ba Mubanga. Akitokea mwanzo wa barabara, milango ilifungwa, si kwa chuki. Watu walichungulia dirishani na kumpigia makofi kidogo kutoka ndani.

Jumatatu usiku alilala ofisini kwa Kamati. Jumanne tukaihama ofisi. Niliifunga kwa mkono wangu, na muhuri ukiwa mezani ndani, kwa kuwa mahali palitakiwa kukutwa palivyo. Tangu hapo Kamati iliketi ufukweni juu ya kreti za samaki, karibu na tanuru la Mama Brigitte, ambako angalau kulikuwa na joto. Hakutucheka. Alitupa kila mmoja kipande cha mkia.

Ijumaa, Ba Mubanga, ambaye usiku wa tatu sasa alikuwa amelala ndani ya mtumbwi, na mwenye mtumbwi alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba hawezi tena kuvua, aliniambia kwa sauti ndogo:

"Papa Zéphyrin, tutumie Kanuni ya Saba. Unifute. Batu batatu tu."

Nikatandika fomu juu ya kreti na kuweka Biblia. Aliyekuwa karibu ni Mama Brigitte. Ba Mubanga alimwendea mwenyewe, akivuta suti ile ya harusi iliyokuwa na magamba.

"Mama, unisaidie. Uape tu."

Mama Brigitte alifuta mikono, akaiweka juu ya Biblia, na nikamsomea swali: Mtu huyu aliufanyia mtaa nini?

Alifikiri. Nataka ijulikane kwamba alifikiri kweli, mpaka samaki mmoja akaungua.

"Alitaka kunifukuza," akasema polepole, "lakini hakumaliza. Tena... mais non, hapana. Ninatafuta, Ba Mubanga, Mungu anaona ninatafuta." Akaniangalia. "Hakuna."

Nikaandika. Nyuma yake alikuwa amesimama Mwalimu Mwiche. Nyuma ya Mwiche, Ba Eneless, aliyeteremka kutoka Kashikishi kwa kazi hiyo moja. Watatu walitimia, nikafunga kalamu, lakini mulongo wa watu ulikuwa umefika kwenye mitumbwi ya mwisho na haukutaka kuondoka. Akina mama wa kisimani walikuja thelathini. Kondakta wa Mansa aliacha abiria garini. Wale wale ambao wiki iliyopita hawakuweza kuapa uongo juu ya Chadrack waliapa sasa bila kusita, dhamiri nyeupe. Niliishiwa fomu saa tisa. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne.

Jina lilifutwa. Nyumba zikarudishwa, Mwiche akaingia kwake, ofisi ikafunguliwa. Nilipokaa mezani kuandika taarifa, jicho langu likaangukia Kanuni ya Kwanza: Mwenyekiti awe mtu ambaye matendo yake yanajulikana mtaani. Nilitazama fomu mia mbili na kumi na nne zilizopangwa vizuri. Nikaandika kwamba kiti kiko wazi, na bila Mwenyekiti hakuna Kamati, na bila Kamati hakuna Kanuni ya Nne. Halafu nikapiga muhuri mara ya mwisho, katikati kabisa ya karatasi.

Tanuru linafuka mpaka leo.

Ba Mubanga alianza kupitia fomu, moja moja, akitafuta mtu aliyekataa. Aliniuliza, "Papa Zéphyrin, na weye?" Nilimjibu kwamba katibu haapi, hushuhudia tu. Sikumwambia atazame fomu ya mia mbili na kumi na nne, ambayo haijakunjamana na mwandiko wake ni mzuri kuliko zote.

Jumamosi hiyo alikuja kwa Mama Brigitte kununua samaki, na kwa mazoea akapita mbele ya watu wote waliosubiri.

"Papa, upange mulongo," Mama Brigitte akasema bila kuinua kichwa.

Ba Mubanga akavuta pumzi na kunyoosha shingo.

"Unajua mi..."

Mulongo mzima ukageuka kumtazama. Akatutazama, akafunga mdomo, akarudi nyuma mpaka kwenye mitumbwi, akasimama wa mwisho. Ilipofika zamu yake aliomba samaki wawili, tafadhali.