Banda la Kuku Lenye Roshani

"Jamani, manispaa wametangaza!" Kinyozi alipaza sauti, simu mkono mmoja, mashine ya kunyolea mkono wa pili. "Kodi ya majengo inapanda, na nyongeza yote inakwenda zimamoto. Nyumba kubwa, mchango mkubwa. Nyumba ndogo, mchango mdogo."

Seremala, aliyekuwa kwenye kiti cha Kinyozi na nusu ya kichwa imenyolewa, akatikisika. Kwenye benchi la nje, Ghorofa akaweka kikombe chini na kahawa ikamwagika.

Ghorofa si jina la kuzaliwa. Alilipata siku alipomaliza nyumba yake ya ghorofa mbili, pale mkabala na kijiwe hiki cha kinyozi. Mtaa mzima unaijua nyumba hiyo. Ni manispaa tu ndiyo haikuwa na habari, maana miaka tisa nyuma, mwandikishaji alipopita na daftari lake, kiwanjani palikuwa na banda la kuku tu ambamo mafundi walihifadhi saruji. Akaandika "banda la kuku, mabati", Ghorofa akatia sahihi. Banda likavunjwa, jumba likapanda, daftari likabaki vilevile. Kila mwaka Ghorofa alijiambia kwamba yeye hakudanganya mtu, ni wao tu hawakurudi kuuliza.

"Wizi mtupu!" akafoka. "Nilipie moto ambao haujawaka? Mimi dawa ya mafua nanunua nikianza kupiga chafya!"

"Na lile kufuli la geti lako?" akauliza Mwalimu Mstaafu, ambaye kikombe kimoja cha kahawa humchukua saa nzima. "Ulilinunua mwizi akiwa ndani?"

Benchi likacheka. Mama Kahawa akatingisha birika. "Hilo gari lao moja mmeliona lakini? Juzi limepita hapa linasukumwa."

"Halikusukumwa, lilikuwa linasindikizwa," akasema Kinyozi. "Dereva wao namnyoa mimi. Anasema wako kumi na wanne, buti jozi tisa. Anayetoka zamu anamvulia anayeingia. Simu ikilia katikati ya kubadilishana, kuna mtu anakwenda kuzima moto na kandambili."

"Si wanunue buti! Sisi tunaingiaje hapo?" Ghorofa akafoka tena.

"Wanunue kwa nini, kwa mate?" Mama Kahawa akamjibu.

"Mimi bwana hainihusu," Kinyozi akajitapa. "Mimi mpangaji."

"Haikuhusu!" Mama Kahawa akamkata. "Mwenye nyumba wako akipandishiwa, atakwenda kuuambia ukuta? Atakuja kukwambia wewe."

Kinyozi akaacha kucheka. Mwalimu akajikohoza kama zamani darasani. "Mimi nalipa kila mwaka, kwa wakati wake, bila kukumbushwa. Nchi haijengwi na wajanja wajanja."

Maneno hayo yalimchoma Ghorofa, na yeye akichomwa hupandisha sauti. Akasimama kabisa. "Mimi hawanipati! Hata nyumba yangu ikiwaka sasa hivi, siwapigii simu!"

Mdomo huponza kichwa. Hajakaa sawasawa, geti lake likafunguka kwa kishindo na mkewe akatoka mbio, kichwa wazi.

"Baba watoto, moto! Pasi imeunguza meza, mapazia yameshika! Moshi umejaa kwenye ngazi, na mama yuko juu!"

Mama huyo ni mama mkwe. Alikuja kutibiwa goti kwa wiki mbili, sasa ana mwaka, na ngazi hashuki bila kushikwa mkono. Ghorofa aliogopa, na aliogopa kweli. Siku alipokwenda kuposa, hana kazi wala kiatu kizima, wajomba wote walimkataa. Mwanamke huyu peke yake ndiye aliyesema, mwacheni, huyu atakuwa mtu.

Akapiga simu zimamoto. Sasa simu ya Ghorofa ilikufa upande wa sikio siku nyingi, lazima aweke sauti ya nje, hivyo kila anachoambiwa yeye huambiwa kijiwe kizima.

"Zimamoto, habari za asubuhi," ikaitika sauti ya dada mpole.

"Habari ni moto! Kiwanja thelathini na moja, mkabala na kinyozi!"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Thelathini na moja... naona hapa ni banda la kuku, mabati, halikaliwi na watu. Usihofu baba, tunamleta askari na pikipiki na mtungi mmoja."

"Pikipiki? Leteni gari! Leteni ngazi ndefu!"

"Ngazi ya nini, baba? Kuku wamepanda wapi?"

Benchi zima likamgeukia. Hata mashine ya Kinyozi ilizimwa.

"Ndani..." Ghorofa akaanza. "Ndani kuna mama mkwe wangu."

"Umemlaza mama mkwe kwenye banda la kuku?"

Juu kwenye roshani, moshi ukimfuka mgongoni, mama mkwe alikuwa amesimama na fimbo yake, khanga puani. "Mkwe! Nakusikia!"

"Shikamoo mama!" Ghorofa akapiga kelele, maana hakuona la kusema lingine.

"Baba," dada wa simu akasema, upole umepungua, "gari ninalo moja tu, na linatoka kwa jinsi jengo lilivyoandikwa. Nitajie ukweli nilitoe."

Ghorofa alimtazama Mwalimu. Akaitazama roshani. Mama alikuwa anakohoa.

"Ni ghorofa!" akalia. "Ghorofa mbili, zege tupu, vigae juu mpaka chini! Tunalala watu saba! Nilikaa kimya dada yangu, njooni, nawaomba njooni!"

Wakaja. Hapo tayari Seremala alikuwa anarusha mchanga dirishani kwa beleshi, shuka la kinyozi bado shingoni, na Mama Kahawa amemwaga maji yake yote ya kuoshea vikombe. Gari likakohoa likasimama. Askari wanne wakashuka, mmoja amevaa kandambili. Ndiye huyohuyo aliyepanda ngazi, akambeba mama mkwe mgongoni, akamshusha chini salama. Ghorofa akamkumbatia mama huku akilia mbele za watu.

"Mwanangu," mama akamuuliza askari, "buti zako ziko wapi?"

"Kavaa mwenzangu, mama."

Mama akageuka akamwangalia mkwewe. Ghorofa aliiomba ardhi ipasuke, nayo ikakataa.

Moto ukazimwa. Vilivyoteketea ni meza, mapazia na suruali ya kazini. Mkuu wa kikosi akafunga daftari lake, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Mzee, nenda leo ukaandikishe upya. Na nyinyi wengine mnisikie. Sisi tunatoka na vifaa kufuatana na daftari. Ukijiandikisha kibanda, utaletewa vya kibanda."

Gari likaondoka. Ilitarajiwa kijiwe kiwake sasa, Ghorofa atafunwe mpaka jioni. Badala yake Mwalimu akakimaliza kikombe kwa funda moja. "Nina mgonjwa, ngoja nikamwone."

"Na mimi sukari imeniishia," akasema Mama Kahawa, birika mkononi, akaelekea kusikokuwa na duka.

Seremala naye akainuka. "Nimekumbuka, kuna mbao zinashushwa karakana."

"Na kichwa je?" Kinyozi akamkimbilia. "Utatembea nusu mtu?"

"Utamalizia!"

Robo saa baadaye Ghorofa aliingia ofisi ya kodi ya majengo akiwa amemshika mkono mama mkwe, aliyegoma kabisa kubaki nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu. Wa mbele alikuwa Seremala, amevaa kofia iliyomzidi. Nyuma yake Mama Kahawa na birika lake. Nyuma ya Mama Kahawa palikuwa na gazeti lililofunguliwa wazi, na chini yake miguu ya Mwalimu Mstaafu. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Kwa ajili ya goti la mama, karani akawaita wapite mbele.

"Jengo la aina gani?"

"Ghorofa mbili."

"Vyumba?"

Ghorofa akasita kidogo. "Tisa."

"Kumi na kimoja, mkwe," akasema mama mkwe, ameketi kwenye kiti cha karani kana kwamba ni chake.

"Kumi na kimoja," Ghorofa akakubali.

Foleni ikaangua kicheko, na Mwalimu ndiye aliyecheka zaidi. Mama mkwe akangoja watulie, akaigeukia foleni, fimbo magotini.

"Chekeni. Ila mkifika hapa msimchoshe karani. Mwaka mzima nimekaa kwenye roshani ile sina kazi, nyua zenu zote nazijua. Mwalimu, vile vyumba vitatu ulivyoezeka nyuma ya choo, utavitaja mwenyewe au nikutajie?"

Mwalimu akakunja gazeti taratibu, akamwomba karani kalamu.