Mtu wa Kulinganishia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetangazwa rasmi kuwa mtu wa kawaida. Naandika kwa mkono unaotetemeka, ingawa muuguzi amenihakikishia kwamba hautetemeki. Ameupima.

Nilimsindikiza Shangazi kwenye taasisi ya utafiti. Shangazi ni msusi. Anatumia kiti cha magurudumu tangu kabla sijazaliwa, na anasuka nywele barazani kwetu huku akisuka na habari za mtaa mzima. Taasisi inajaribu kiti kipya. Unabonyeza kitufe, kinapanda taratibu kama unga uliotiwa hamira, mpaka aliyekaa anafika usawa wa aliyesimama. Kila mshiriki huja na mtu wa nyumbani kwake asiye na ulemavu, wa kulinganishia. Wote wawili huvaa bangili ya kupima mwendo kwa wiki moja, kisha vipimo vyao husomwa pamoja. Wakimaliza salama, kiti kinabaki kwa mshiriki. Vipimo vya mmoja vikiharibika, wote wawili wanatolewa na kiti kinarudi stoo.

Sijawahi kumwona Shangazi akitaka kitu namna hii. Kila akifika kwenye dirisha la ofisi, karani huona utosi wake tu, kisha huniuliza mimi: huyu mama anataka nini? Kana kwamba ni sanduku nimelibeba. Shangazi anasema hataki makubwa. Anataka kumtazama karani machoni, basi.

Mimi nilikwenda kwa sababu nyingine. Siku zote nimejua kwamba ndani yangu mna jambo. Nimesoma falsafa mpaka chuo kikuu, nimejichunguza usiku na mchana, lakini sijawahi kuchunguzwa kwa vyombo. Nilidhani leo wataliona. Wamenipima macho, masikio, magoti. Wamenisimamisha kwa mguu mmoja. Muuguzi akatabasamu: kila kitu cha kawaida, hongera. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kawaida tena!

Shangazi alicheka mpaka breki ikaachia, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Mpangaji wa chumba cha uani amesikia. Tunamwita Fulana kwa sababu amejitolea kwenye tafiti nyingi na kila moja humpa fulana. Anayo ya utafiti wa usingizi, anayo ya kikohozi. Ya utafiti wa kumbukumbu hajui aliiweka wapi.

Amenieleza, bila kuulizwa, maana ya mtu wa kulinganishia. Ni kama maji matupu yanayowekwa kando ya dawa ili dawa ionekane ni dawa. Kisha akaniita Maji Matupu. Mbele ya wateja! Mmoja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima kama kimeona jini, alicheka kuliko wote. Shangazi akamvuta unywele. Sikujua kama ni kwa ajili yangu au ni kazi tu.

Nimefanya uamuzi. Sitadanganya. Tasnifu yangu ilihusu ubaya wa kudanganya. Nitausaidia tu ukweli wangu ujitokeze, maana ni mwenye haya.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kuchechemea. Bangili itanasa mwendo wa kipekee. Nimetia kokoto kiatuni, nikaenda dukani na kurudi kwa mateso yenye hadhi.

Mwenye nyumba alinihurumia, akaniombea dua ndefu getini, jua la utosi, nami siwezi kukaa wala kusimama. Fulana alisema anajua utafiti wa nyonga, lakini hawachukui wanaoigiza. Shangazi hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. Aliuliza tu ninachechemea mguu gani, maana wakati wa kwenda dukani ulikuwa wa kulia.

Nimetoa kokoto. Kidole kimevimba. Uvimbe wenyewe wa kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata jibu! Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba nafsi yangu inakaa miguuni. Nafsi yangu haitembei hivi ninavyotembea. Inarukaruka. Inashtuka. Inasimama ghafla katikati ya ua na kusahau ilikokuwa inakwenda.

Nilikuwa nikiyawaza haya dirishani nilipomwona jogoo wa mwenye nyumba. Akaruka. Akashtuka. Akasimama ghafla katikati ya ua.

Kumkamata kumenigharimu mchubuko na sketi. Bangili imemkaa mguuni vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Alinitazama kwa jicho moja, kama msomi anavyomtazama msomi. Huu si udanganyifu. Ni uwakilishi.

Ijumaa, 7 Machi

Jogoo anafanya kazi nzuri sana. Leo amemkimbiza Fulana mpaka bafuni. Nimeanza kumwonea fahari.

Jumamosi, 8 Machi

Jogoo hayupo!

Nimezunguka ua, nimepanda ukutani, nimechungulia kwenye pipa. Mwishowe nikamuuliza mwenye nyumba, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Akasema amempelekea mkwewe. Kwa ajili ya mchuzi.

Nimekimbia. Kidole kilichovimba kimekimbia pia. Nimefika kwa mkwe nikikohoa, nikakuta sufuria jikoni, maji yanachemka. Na jogoo yuko juu ya kiti cha sebuleni, mzima, amezungukwa na watu. Mkwe alisema kuku wa kuchinjwa anamjua, lakini kuku anayevaa saa hajawahi kumwona, na hawezi kumchinja mtu mwenye ratiba zake. Wameamua watakula maharage.

Nikaomba ile saa. Akakataa. Saa ni ya jogoo, aliwasili nayo. Nikajaribu hoja ya kifalsafa kuhusu umiliki. Akasema nimpe jogoo saa nyingine, yaishe.

Nimerudi na bangili mkononi. Jogoo amebaki na saa yangu ya mahafali. Sasa hata sijui ni saa ngapi, na jogoo anajua.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Daktari anayeongoza utafiti alituita ofisini, Shangazi na mimi. Ni mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, na alikuwa ameshika mchoro wa vipimo vyangu kwa mikono miwili. Alizungumza kwa upole. Alisema bangili inaonyesha kwamba tangu Alhamisi hadi Jumamosi ninaamka kabla ya alfajiri kwa kishindo, napiga mbio fupifupi zisizo na sababu, nasimama muda mrefu kwa mguu mmoja, na jua likizama tu nazimika kama taa. Hajawahi kuona kitu kama hiki kwa binadamu.

Machozi yalinitoka. Hatimaye!

Akaendelea. Huenda ni ugonjwa adimu wa neva. Angependa kuniita kwa uchunguzi zaidi, yeye na wenzake, hata wa nje ya nchi. Nikauliza kama ugonjwa una jina. Akasema bado. Nikamwambia jina langu linavyoandikwa.

Kisha akageuka kwa Shangazi, uso umebadilika. Alisikitika. Mtu wa kulinganishia anatakiwa awe mzima, na mimi ni wazi si mzima. Kwa hiyo tumetolewa. Kiti kitachukuliwa leo hii.

Shangazi aliishika mikono ya kile kiti, kama mtu anayeaga. Nilijua neno moja tu kutoka kwangu linatosha. Neno lenyewe ni jogoo. Lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa pia nafikiria wale wenzake Daktari walio nje ya nchi.

Ndipo nikasikia mngurumo mdogo. Shangazi amebonyeza kitufe. Kiti kikaanza kupanda. Kinapanda polepole sana, na hakuna adabu ya kuzungumza mtu anapopanda, kwa hiyo sote tulingoja. Kikafika. Shangazi na Daktari wakawa macho kwa macho.

“Daktari,” akasema Shangazi, “huyo unayemsoma hapo ni jogoo.”

Daktari akaniangalia. Shangazi akamwambia aangalie huku, anayezungumza ni yeye. Akamweleza yote, hadi saa ya mahafali. “Mimi ninakaa barazani siku nzima,” alisema, “unadhani sikumwona mtoto wa kaka yangu akimvisha kuku bangili? Nilinyamaza nikidhani atapata akili kabla ya jogoo.”

Nikamwambia Daktari kwamba kisayansi swali bado liko wazi. Shangazi akasema bila kupandisha sauti: “Mwanangu, ulikuwa tayari kuwa kuku ili mimi nirudi kuwa sanduku?”

Nikasema ni jogoo, ndiyo.

Daktari alikuwa amekasirika, lakini jambo jingine lilimshughulisha zaidi. Alimwambia Shangazi kwamba katika kazi yake yote hajawahi kugombezwa na mgonjwa wake ana kwa ana. Shangazi akajibu kwamba yeye si mgonjwa, na kwamba awali hakuwa na kimo cha kugombezea. Daktari akaandika hilo mara moja. Kisha akatoa uamuzi: Shangazi ataanza wiki upya, na mtu mwingine wa nyumbani. Mtu mzima, wa kuaminika, wa kawaida.

Ukimtoa Shangazi, nyumbani tumebaki watu watatu. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mwenye nyumba, naye goti lake bovu.

Jumatano, 12 Machi

Fulana amepimwa. Kila kitu cha kawaida. Amerudi akitembea kama bwana harusi.

Nimemwambia Shangazi kwamba vipimo vya muuguzi havina kina. Mimi nilikuwa wa kawaida kwanza! Tena mara mbili! Shangazi amesema nimshikie chanuo.

Jumatano, 19 Machi

Fulana amemaliza wiki bila kosa. Wamempa fulana mpya. Imeandikwa kifuani MZIMA WA AFYA. Ameipiga pasi. Kiti ni cha Shangazi.

Nimelia kidogo, kwa furaha. Na kwa ile fulana.

Ijumaa, 21 Machi

Tumekwenda ofisi ya mapato, Shangazi anataka kulipia leseni ya ususi. Dirishani karani akaniuliza mimi, kama kawaida, huyu mama anataka nini. Mngurumo. Foleni nzima ikageuka. Karani akaona kwanza kilemba, kisha paji la uso, kisha macho, na macho hayo hayakumwacha mpaka yalipofika usawa wake.

“Mama huyu anataka leseni,” akasema Shangazi. “Mwulize mwenyewe.”

Karani akasimama bila kujua kwa nini. Akamwamkia shikamoo. Akamwambia, kwa heshima zote, kwamba mtandao uko chini, aje kesho.

Shangazi alicheka njia nzima. Anasema ameambiwa njoo kesho maisha yake yote, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa yeye.

Jumatatu, 24 Machi

Daktari amepiga simu! Amenipigia mimi, si Fulana. Ana utafiti mpya, umemjia kwa sababu yangu. Wanatafuta watu waliowahi kudanganya kwenye tafiti, wajue kwa nini hufanya hivyo. Fulana hana sifa. Nimemweleza hilo mara kadhaa, kupitia mlango wake.

Shangazi, mikono imejaa nywele za mteja, amesema hapo sasa nimepata kazi niliyozaliwa nayo.

Lakini kuna tatizo, na nimelifikiria mchana kutwa. Sifa ya kujiunga ni uwe umewahi kudanganya. Mimi sijawahi. Niliusaidia ukweli tu.

Itabidi niwadanganye.