Kukataliwa kwa Evodius kwa Sababu ya Kukosa Ukatili

Fisksätra, Stockholm
9 Juni 1977

Ndugu Bwana Obiero,
Msaidizi wa Kocha,

Sisi Watanzania tunasema Ndugu, ninyi Wakenya mnapenda Bwana. Nimekuwekea yote mawili kwa kuwa siku ulipokuja kwangu ulikula chakula cha watu wawili. Natumaini safari ya kurudi Marekani ilikuwa njema. Sisi hatujambo, ukiondoa jambo ulilotuletea wewe.

Mimi ni Agripina, mama yake Evodius, yule kijana wa miaka kumi na minane uliyemwona mwezi wa nne akirusha tufe kwenye mashindano ya shule. Ulimfuata hadi ndani ya treni ya Saltsjöbanan, ukamwambia kwamba chuo chenu kinatafuta vijana wakubwa wa kucheza mpira wa Kimarekani, na kwamba akifaa atasomeshwa bure miaka minne. Nakukumbusha haya kwa sababu katika barua yako ya wiki iliyopita hukumtaja kwa jina. Umemwita Nambari Sita.

Basi na mimi malalamiko yangu nimeyapa nambari, ili yakufikie kwa lugha unayoielewa.

Kwanza, vipimo. Hukumaliza hata maji niliyokukaribisha nayo, ukatoa futikamba mfukoni. Ulimpima mwanangu urefu, shingo, kifua na paja, ukampima mikono toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha ukamtandaza kiganja juu ya kitambaa changu cha meza kama samaki. Nikavumilia, kwa kuwa hata fundi wa suti hupima. Halafu ukanigeukia mimi. "Mama, hebu simama kidogo, ugeuke." Nikageuka, nikidhani gauni limeingia uchafu. Wewe ukaandika! Baadaye ndipo Evodius aliponieleza kwamba ulikuwa ukitazama nyonga zangu ili ukisie mtoto ataongezeka unene kiasi gani. Kwetu Bukoba mtu anayenunua ndama humtazama mama yake pia, lakini kwanza huomba ruhusa kwa mwenye ng'ombe. Tena ukauliza marehemu mume wangu Severin alivaa kiatu namba ngapi. Ni miaka kumi na moja tangu tumzike. Watu huniuliza aliugua nini, aliacha watoto wangapi. Wewe, kiatu. Ni namba arobaini na saba, kama bado una nafasi kwenye karatasi yako.

Pili, kazi yenyewe. Nilikuuliza kwa upole mwanangu atacheza wapi. Ukaomba vikombe. Ukapanga vikombe vyangu vitano mstari mmoja juu ya meza, nyuma yake ukaweka bakuli la sukari, mbele yake ukapanga glasi. Ukanifundisha saa nzima. Glasi zinataka kulivunja bakuli la sukari. Vikombe vinazizuia glasi. Bakuli linapita katikati, linakimbia hadi mwisho wa meza, watu wanashangilia. "Na Evodius ni nani?" nikauliza. Ukagusa kikombe cha pili kutoka kushoto. "Atashika mpira lini?" Ukasema, "Hapana, Mama. Huyu haruhusiwi kupokea mpira. Kazi yake ni kugongana." Nikakuuliza gazeti la kesho yake litamwandika nani, ukaangalia bakuli la sukari. Nimefanya kazi miaka tisa katika nyumba ya wazee na nimeona kazi nyingi zisizo na shukrani, lakini sijaona nyingine inayomtaka mtu awe mrefu karibu mita mbili ndipo aanze kutoonekana.

Hata hivyo nilikubali. Mtoto alikuwa ameshaipenda. Mwezi mzima alikuwa akijichuchumaza mbele ya kioo cha kabati, mgongo umenyooka, mikono mbele, kama ulivyomwelekeza. Kila nikipita na ndoo ya nguo ananizuia nisifike jikoni.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu wangu, ni uamuzi wako. Ulimjaribu kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya majengo yetu. Kwa kukosa mtu wa kusukumwa ulimwazima jirani yetu Ssali, Mganda, mtu mzima aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla hajakimbia kwao, na sasa anapanga vitabu maktaba. Ukamfunga godoro la sponji kifuani kwa kamba yangu ya kuanikia nguo, ukamwambia Evodius, "Huyu asinifikie." Ukapuliza filimbi. Mara ya kwanza Ssali alirudi nyuma hatua nne bila kupenda. Mara ya pili aliingia kichakani, zikabaki soli za viatu. Ulirukaruka kwa furaha, nilikuona toka barazani. Kisha Evodius akaenda kichakani, akamtoa, akamkung'uta majani, akamuuliza, "Mjomba Ssali, umeumia?" Akamkazia na kamba iliyolegea. Wewe ukaacha kurukaruka.

Barua ikaja. Yote umeiandika kwa Kiingereza, miguu myepesi, nyonga nzuri, mikono mirefu kuliko ya vijana wote uliowapima Ulaya. Sentensi ya mwisho tu umeiandika kwa Kiswahili, nadhani ili mama mtu asije akakosa kuielewa: "Huyu huangusha vizuri, lakini huokota. Hana ukatili."

Evodius aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaikunja, akaenda jikoni akaosha vyombo. Vyombo vilikuwa safi.

Kwa hiyo nakuletea ushahidi, Bwana Obiero, kwamba umemsingizia mtoto wangu wema.

Alipokuwa na miaka tisa, mwenzake darasani alimtukana rangi yake. Evodius alimbeba akamkalisha juu ya kabati la makoti, akamwacha huko. Ni kweli wakati wa chakula alimpandishia maziwa. Lakini hakumshusha. Mwaka juzi aling'oa mlango wa lifti ya jengo letu kwa mikono mitupu. Usijali kwamba ndani alikuwa amekwama bibi wa ghorofa ya sita. Mimi nazungumzia mlango, na mlango haukupona. Krismasi iliyopita Theresia, mama yake wa ubatizo, alimuuliza mbele ya wageni kama keki yake ni tamu. Akajibu kwamba imeungua chini. Mbele ya wageni! Na mimi mama yake, niliyemleta nchi hii akiwa na jino moja la mbele, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi. Kiswahili chake chote amemwekea Ssali. Unataka ukatili gani zaidi ya huo?

Nne, kijana uliyemchukua. Nasikia ni yule wa Norrland, kule kaskazini, aliyemkanyaga mwenzake mkono akaendelea kutafuna chingamu. Hongera. Sina la kuongeza.

Tano. Nimefikiri sana juu ya elimu yako ya kupima watu, na nimeona kasoro ndani yake. Urefu uliutafuta kwa marehemu. Unene uliutafuta kwangu. Mbona ukatili hukuutafuta kwa mzazi yeyote? Ungeniuliza mimi. Ungewauliza wauguzi ninaowaongoza. Ungemuuliza yule daktari kijana aliyemwita mzee wangu mmoja "kitanda cha nne". Leo hii hupandia ngazi za nyuma asikutane nami. Mimi nikimwangusha mtu simuokoti, naye analijua hilo.

Na kama mtoto hatoshi, basi naomba rasmi nafasi hiyo nipewe mimi. Nina miaka arobaini na moja na kilo tisini na mbili. Nyonga umeshaziona na kuziandika. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nawageuza wazee kumi na wanne, wengine wazito kuliko Ssali na godoro lake, nao hawataki kugeuzwa. Magoti napinda, mgongo sipindi, mikono naiweka ndani ya mabega ya mtu kabla hajaweka yake. Ulimsifu Evodius kwa hayo hayo, ukauliza ni kocha gani aliyemfundisha. Ndimi. Tangu ana miaka kumi na mitano huja kazini kwangu siku za likizo, akanyanyua wazee kwa namna nilivyomwonyesha, na hajamdondosha hata mmoja. Labda ndipo ulipoharibikia mchezo wenu, kwamba tulimfundisha kunyanyua kabla hujafika wewe kumfundisha kuangusha. Lawama hiyo naipokea. Lakini usiiite ulaini. Njoo hapa wiki moja tu, umbebe mtu mzima anayekupiga ngumi kwa sababu amesahau wewe ni nani, umlaze taratibu, umfunike, kisha uniandikie tena kuhusu roho laini.

Nasubiri majibu yenye heshima, kwa Kiswahili, sentensi zote.

Theresia anakusalimu, kwa kuwa yeye hajui kuweka kinyongo. Ssali naye anakusalimu, ingawa bado anakalia upande mmoja. Wasalimie mkeo, na kocha mkuu, na mama yako Kisumu ukimwandikia, ambaye nina hakika hakukulea hivi.

Ni mimi mwenye kulalamika,
Agripina, mama Evodius

N.B. Evodius hajui kwamba nimekuandikia. Ndugu yangu, kama hoja zangu zimekugusa na umeanza kufikiria kumchukua, nakuomba kwa jina la Mungu usimchukue. Tangu jibu lako lifike nimeshukuru kila siku, na nimekwenda kuwasha mshumaa kanisani nikamdanganya padri kwamba ni kwa ajili ya mvua. Sina mwingine ila huyu. Ninachotaka umkatae mara ya pili, ila kwa sababu nyingine. Mwandikie kwamba nafasi zimejaa, au kwamba ulikosea kumpima shingo. Chochote cha mwili, mwili wake hauoni haya. Ila lile neno uliloandika analibeba kila mahali, hata mezani. Jumapili Ssali alijikwaa pale uani, na mwanangu akatazama kwanza kushoto na kulia kabla ya kumpa mkono. Barua itume kwa jina lake. Mimi akinisomea nitajifanya nimesikitika.